Njano ya Jana si Njano ya Leo: Fyuzi, Taa za LED na Mafundi wa Buyenzi

Tunapojifunza historia ya Bujumbura, kwa kawaida tunaanza na kituo cha kijeshi ambacho Wajerumani walikijenga Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, tunapita kwa Wabelgiji waliouteka mji mwaka 1916, tunafika uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, kisha tunaingia kwenye siasa na hatutoki tena. Gereji hazimo katika safari hiyo. Hata hivyo, mtu akitaka kujua namna watu wa mji huu walivyopokea vitu vya nje, wakavirekebisha na kurithishana maarifa yake, ni vigumu kupata mahali pazuri kuliko Buyenzi. Mtaa huu wa Waswahili, ambao barabara zake zina namba badala ya majina, ndio ambao wenye magari wa mji mzima huukimbilia wanapotafuta fundi au kipuri.

Katika insha hii ninauliza swali dogo. Kwa nini fundi mwenye uzoefu wa miaka mingi huweka fyuzi ya ampea 20 kwenye utepe wa taa za LED ambao hauhitaji hata ampea 2? Jibu la haraka, ambalo nimelisikia mara nyingi, ni kwamba mafundi wetu hawakusoma. Mimi ninadai kinyume chake. Fundi huyo alisoma, na alisoma vizuri, lakini kanuni aliyofundishwa ilibadilishwa mbali naye, na hakuna aliyekuja Buyenzi kumwambia. Kosa lake lina historia, na ni lazima tuijue historia hiyo kabla ya kulirekebisha.

Fyuzi ilizaliwa kwa ajili ya waya

Tuanze na kitu chenyewe. Fyuzi ni kipande chembamba cha metali kinachowekwa katika njia ya umeme ili kiyeyuke kabla kitu kingine hakijaungua. Wazo hili ni la zamani kuliko taa ya umeme ya nyumbani. Mwaka 1847 Mfaransa Louis Breguet alipendekeza nyaya nyembamba ziwekwe kwenye vituo vya telegrafu, ili radi ikipiga ziyeyuke zenyewe na kuokoa mitambo na nyaya za ndani ya jengo. Miaka michache kabla ya hapo, James Joule, Mwingereza, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba joto linalotokea ndani ya waya hukua kwa mraba wa mkondo. Maana yake ni hii: mkondo ukizidishwa mara 2, joto huwa mara 4, ukizidishwa mara 4, joto huwa mara 16. Msomaji aiweke hesabu hii akilini, kwa sababu nitairudia.

Thomas Edison alipofungua kituo chake cha umeme cha Pearl Street, New York, tarehe 4 Septemba 1882, alijua kwamba watu wangeogopa kuingiza nyaya ndani ya nyumba za mbao. Fyuzi ilikuwa sehemu ya jibu lake kwa hofu hiyo. Ilikuwepo ili nyumba isiungue. Taa ikiungua, mwenye nyumba hununua nyingine. Nyumba ikiungua, hakuna wa kununua taa.

Jambo hili ni la msingi, nalo ndilo linalosahaulika zaidi gereji. Ukimuuliza dereva fyuzi inalinda nini, atakuambia inalinda taa, au redio, au pembe. Tangu siku za Breguet kazi yake ya kwanza imekuwa kulinda waya na kila kilicho karibu na waya huo. Kwa hiyo swali la kwanza la anayechagua fyuzi ni "waya huu unaweza kubeba ampea ngapi?" Swali la taa linafuata baadaye.

Umeme uliingia kwenye magari polepole. Magari ya mwanzo yaliwashiwa taa za gesi ya asetilini. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa gari lenye stata na taa za umeme, na baada ya hapo betri ikawa kiungo cha kawaida cha gari. Betri hiyo ina volti chache tu, 6 zamani na 12 leo, na ndiyo sababu watu huidharau. Mtu akiigusa harushwi. Lakini betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja, la sivyo isingeweza kuzungusha injini. Waya mwembamba ukigusa bodi ya gari bila fyuzi ya kuukata, mamia hayo yote hupita humo.

Rangi moja, maana mbili

Sasa tufike Buyenzi. Mzee mmoja aliyenipa saa tatu za mazungumzo, fundi umeme wa magari tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, alinionyesha kopo la maziwa la zamani lililojaa fyuzi. Nyingi zilikuwa vijiti vidogo vya kauri vyenye ncha mbili zilizochongoka na utepe wa metali ukipita juu yake. Nikamuuliza, "Mzee, hizi zilikuwa za magari gani?"

"Za Volkswagen, mwanangu. Za magari ya Wazungu wa Ulaya. Hatukuhitaji kusoma namba. Nyeupe ndogo, nyekundu kubwa, basi."

Kauli hiyo ni sahihi kabisa kwa magari aliyoyataja. Fyuzi za kauri za magari ya Ulaya zilikuwa na mpangilio wake wa rangi: njano ilikuwa ampea 5, nyeupe ampea 8, nyekundu ampea 16, na buluu ampea 25. Fundi aliyejifunza kwenye Volkswagen alikariri rangi kama mwanafunzi anavyokariri jedwali la kuzidisha. Upande wa pili, magari mengi ya Kijapani na ya Kimarekani ya wakati ule yalitumia fyuzi za kioo zenye namba iliyogongwa kwenye kofia ya metali, kwa hiyo hapo rangi haikuhusika.

Kisha, katika miaka ya 1970, Marekani ikatoa fyuzi mpya: kipande cha plastiki chenye miguu miwili bapa, kilichobuniwa na kampuni ya Littelfuse. Ni rahisi kuichomeka, haipati kutu ya ncha kama ile ya kauri, na mtu huona kwa macho kama imekatika. Ilienea duniani kote, na leo ndiyo iliyomo karibu katika kila Toyota inayoingia nchini kwetu. Nayo ina mpangilio wake wa rangi, ambao haukufuata ule wa Ulaya: kijivu ampea 2, zambarau ampea 3, kahawia hafifu ampea 5, kahawia ampea 7.5, nyekundu ampea 10, buluu ampea 15, njano ampea 20, nyeupe inayopitisha mwanga ampea 25, kijani ampea 30.

Msomaji alinganishe orodha hizo mbili. Nyekundu imeshuka kutoka 16 hadi 10, na buluu kutoka 25 hadi 15. Hapo fundi akikosea, fyuzi itakatika bure na atarudi kuibadilisha. Hasara ni muda. Lakini nyeupe imepanda kutoka 8 hadi 25, na njano imepanda kutoka 5 hadi 20. Hapa kosa halionekani. Taa inawaka, mteja anafurahi, fedha inalipwa. Ila waya ambao ungekatiwa umeme karibu na ampea 5 sasa unaachwa ubebe mkondo mara 4 zaidi, na kwa kanuni ya Joule joto lake linaweza kufika mara 16.

Mzee wangu anaijua tofauti hiyo. Aliniambia aliigundua mwenyewe, kwa kuunguza. Lakini kwa hesabu yake, vijana zaidi ya 30 walijifunza kwake kabla ya kuigundua, na baadhi yao wana gereji na wanafunzi wao. Sentensi ya "rangi nyepesi kwa taa ndogo" imeshatoka kinywani mwake na inatembea mjini bila yeye. Katika darasa la fasihi simulizi tunafundishwa kwamba masimulizi hubadilika kadiri yanavyopokezanwa. Hapa ni kinyume: masimulizi yalibaki vilevile, na dunia ndiyo iliyobadilika.

Je, ni uhaba tu?

Wenzangu niliowasomea rasimu ya insha hii walinipinga kwa hoja moja nzito. Walisema tatizo la fyuzi Bujumbura ni uhaba, wala si rangi. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi jirani zilitufungia mipaka kwa vikwazo vya kiuchumi ambavyo havikusimamishwa mpaka Januari 1999. Bidhaa nyingi zilipita kwa njia za panya na kwa bei ya kuumiza. Kila familia yenye gari ina hadithi ya kipuri kilichotengenezwa kwa kitu kingine. Mzee naye alikiri kwamba katika miaka hiyo alifunga fyuzi kwa uzi wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa zamani, na wengine walitumia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Ninaikubali hoja hii kwa nusu. Uhaba ulifundisha tabia mbaya, na tabia hukaa kuliko sababu yake. Lakini uhaba hauelezi ninachokiona leo. Vikwazo viliisha. Mwaka 2007 Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na magari yaliyotumika Japani yanazidi kutufikia kupitia bandari ya Dar es Salaam, usukani wao ukiwa upande wa kulia ilhali sisi tunaendesha mkono wa kulia wa barabara. Fyuzi za plastiki zinauzwa kwenye vibanda, zimechanganywa rangi zote ndani ya kiboksi kimoja, kwa bei isiyomshinda mtu aliyenunua taa za mapambo. Fyuzi ya kijivu na ya njano ziko ndani ya kiboksi kilekile. Fundi anayechukua ya njano hana uhaba wa fyuzi. Anachokosa ni habari.

Taa isiyokula umeme

Kizazi changu kimeongeza sura mpya katika historia hii. Mwanga utokao kwenye fuwele uliwahi kuonekana mapema sana. Mwingereza Henry Joseph Round aliuripoti mwaka 1907. Taa nyekundu ya LED inayoonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak nchini Marekani mwaka 1962, mwaka uleule Burundi ilipopata uhuru. Kilichokosekana kwa muda mrefu kilikuwa rangi ya buluu, ambayo bila hiyo mwanga mweupe haupatikani. Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura ndio walioipata, Nakamura akatoa taa yenye nguvu ya kutosha mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2014 watatu hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Ukiona Hiace yenye utepe wa buluu kuzunguka dari, au teksi ya harusi inayong'aa zambarau chini ya mlango, unaona matunda ya kazi hiyo.

Kwa dereva wa Bujumbura taa hizo si anasa tupu. Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta, anayepata lita chache anataka kila safari ijae. Abiria vijana hupanda gari linalopendeza, na mwenye kukodi gari la harusi hulipa zaidi kwa lililopambwa. Binamu yangu aliweka utepe ndani ya basi lake dogo kwa sababu hiyo tu. Fundi alimwambia, "Kaka, LED haili umeme, weka fyuzi yoyote." Akaweka ya njano. Miezi michache baadaye ule waya, uliokuwa ukipita kwenye bawaba ya mlango, ulichubuka na kugusa bodi. Fyuzi haikukatika upesi. Moshi ulitoka chini ya kiti cha abiria wa nyuma, watu wakaruka nje, mama mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Hakuna aliyeumia. Basi lilikaa wiki tatu bila kazi, na wiki tatu hizo nyumba nzima ya shangazi ilizihisi mezani.

Sikusudii kumhukumu fundi huyo. Kauli yake ina ukweli nusu, na ukweli nusu ndio wenye hatari. Ni kweli LED hula umeme kidogo. Lakini kwa sababu inakula kidogo, watengenezaji huiuza ikiwa na waya mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Balbu za zamani zilihitaji waya mnene, na waya mnene ungeweza kuistahimili fyuzi kubwa. LED ilipokuja, waya ulipungua unene lakini mkono wa fundi ukabaki kwenye fyuzi ileile. Kwa hiyo taa iliyo salama zaidi kuliko zote imewekwa katika njia iliyo hatari zaidi, kwa hoja kwamba iko salama.

Hesabu ambayo haihitaji shahada

Kuchagua fyuzi sahihi ni hesabu ya darasa la sita. Kwanza, tafuta wati za utepe. Mara nyingi zimeandikwa kwenye kiboksi kwa kila mita. Utepe wa kawaida wa rangi moja wenye taa ndogo hutumia karibu wati 4.8 kwa mita. Ule wa rangi nyingi wenye taa kubwa zaidi, karibu wati 14.4 kwa mita. Pili, zidisha kwa mita ulizonazo, kisha gawa kwa volti 12. Mita 2 za utepe mdogo ni wati 9.6, yaani ampea 0.8. Mita 4 za utepe mkubwa ni wati 57.6, yaani ampea 4.8. Tatu, ongeza robo, kwa sababu fyuzi haipendi kufanya kazi kwenye kikomo chake saa zote, na injini ikiwaka altaneta hupandisha volti hadi karibu 14. Utepe mdogo unafika ampea 1, utepe mkubwa unafika ampea 6. Nne, chagua fyuzi inayofuata kwa juu: ampea 2 ya kijivu kwa wa kwanza, ampea 7.5 ya kahawia kwa wa pili.

Hatua ya tano ndiyo ya Breguet: hakikisha waya unaweza kubeba zaidi ya fyuzi uliyoichagua. Kama hauwezi, badilisha waya, usiongeze fyuzi. Na fyuzi ikae karibu na betri, au mahali unapochukulia umeme, umbali usiozidi urefu wa kiganja. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakilindwi na kitu chochote. Fyuzi iliyowekwa mwishoni, karibu na taa, inalinda taa na kuiacha gari.

Tukumbuke pia kwamba fyuzi haikatiki mara tu mkondo unapopita namba yake. Fyuzi ya plastiki hutengenezwa iweze kuvumilia ziada ya asilimia 10 kwa saa nyingi, na ikipitishiwa mara 2 ya namba yake inaruhusiwa kuchukua hadi sekunde 5. Maana yake, fyuzi ya ampea 20 inaweza kuupitishia waya mwembamba ampea 20 mchana kutwa bila kukatika, kwa kuwa kwa upande wake hakuna kilichoharibika.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kosa linaloonekana kuwa la mtu mmoja lina tabaka tatu: kanuni ya rangi iliyokuwa sahihi kwenye magari ya Ulaya, miaka ya uhaba iliyowazoesha watu kutumia chochote kilichopo, na taa mpya iliyowafanya waamini kwamba fyuzi haina maana tena. Kila tabaka lilikuwa na mantiki yake wakati wake. Tukisema tu kwamba mafundi ni wajinga, hatutaweza kueleza kwa nini wale hodari ndio wanaokosea kwa kujiamini zaidi.

Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili kuna jambo la kufanya. Maelezo yanayokuja ndani ya viboksi vya fyuzi na taa huwa ya Kichina na Kiingereza, lugha ambazo hazisemwi gerejini. Gerejini wanasema Kiswahili, kikichanganywa na Kirundi na Kifaransa. Mzee aliniomba nimwandikie orodha ya rangi na namba kwa Kiswahili, ya zamani upande mmoja na ya sasa upande wa pili. Nimeiandika kwa herufi kubwa, na juu yake nimeweka sentensi aliyoichagua mwenyewe baada ya kuikataa ya kwangu iliyokuwa ndefu: "Soma namba, usisome rangi." Ameibandika ukutani juu ya meza ya wanafunzi wake. Wiki iliyofuata gereji ya jirani ilituma kijana aje kuinakili.